NANI APATE NAFASI KATIKA DARASA LA ELIMU MAALUMU?

Katika vijiji vyetu wako watoto ambao hujifunza polepole sana kuliko wenzao. Mtoto amefika umri wa kwenda shule, lakini hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Akitumwa kuleta kata ya maji, huleta sufuria. Watoto wa rika lake wanajua kuhesabu mbuzi wanaporudi zizini, yeye bado. Wazazi hujiuliza: Je, mtoto huyu aende shule ya kawaida? Apelekwe darasa la elimu maalumu? Na mwenye kuamua ni nani?

Maswali haya ni mazito. Uamuzi ukiwa mbaya, mtoto anaweza kukaa nyumbani maisha yake yote, kumbe alikuwa na uwezo wa kujifunza. Au anaweza kuwekwa katika darasa lisilo lake, kumbe shida yake ilikuwa masikio tu. Somo hili linaeleza jinsi uamuzi huo unavyotakiwa kufanywa. Linaeleza pia kazi yako wewe mzazi, jirani au kiongozi wa kijiji katika uamuzi huo.

1. ULEMAVU WA AKILI NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mgonjwa wa akili ni mtu ambaye huenda alikuwa mzima, akasoma na kufanya kazi, kisha akaugua. Mtu huyo hutibiwa hospitali na anaweza kupona. Ulemavu wa akili ni jambo jingine. Huanza mtu angali mtoto, na maana yake ni kwamba akili yake hukua polepole kuliko ya wenzake. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini mafundisho mazuri humsaidia mtoto kufika mbali.

Ulemavu huu una sababu nyingi. Mtoto anaweza kuupata tumboni mwa mama yake, kwa mfano mama akikosa madini joto katika chakula. Ndiyo sababu tunahimizwa kutumia chumvi yenye madini joto. Anaweza kuupata wakati wa kuzaliwa, kama uchungu ulikuwa mrefu na mtoto akakosa hewa. Anaweza pia kuupata baadaye, kwa malaria kali iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mara nyingine sababu haijulikani. Lakini si laana, wala si uchawi, wala si kosa la mama.

Tujihadhari pia na majina. Maneno kama taahira, zezeta na punguani ni matusi. Mtoto anayeitwa hivyo kila siku huacha kujaribu, na wazazi wake huona haya kumtoa nje. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mtoto aliyefichwa ndani hawezi kupimwa, na asiyepimwa hawezi kupata msaada.

2. KWA NINI LAZIMA KUAMUA?

Huenda ukauliza: Kwa nini watoto wapimwe? Si wote wapokewe tu?

Ni kweli kwamba kila mtoto ana haki ya kusoma. Nchini Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ililazimisha wazazi kuandikisha watoto wao shule ya msingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuandikishwa shule sawa na mtoto mwingine yeyote. Kwa hiyo, hakuna mtu anayepimwa ili ijulikane kama ana haki ya kusoma. Haki hiyo anayo tayari.

Jambo linaloamuliwa ni aina ya msaada anaouhitaji. Huduma hizi zilianza polepole katika nchi yetu. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Watoto wenye ulemavu wa akili walingoja zaidi. Madarasa yao yalianza katika miaka ya 1980. Leo yako madarasa ya namna hii katika wilaya nyingi. Lakini walimu waliosomea kazi hii hawatoshi, na nafasi ni chache kuliko watoto.

Katika darasa hilo, ambalo huitwa kitengo, watoto huwa wachache na mwalimu ni aliyesomea elimu maalumu. Walimu wengi wa namna hii hufundishwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Mtoto hufundishwa kujihudumia: kunawa, kuvaa, kula kwa usafi, kwenda chooni. Hufundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kadiri ya uwezo wake. Hufundishwa pia kazi za mikono, kama bustani, kufuma na kupika.

Nafasi hiyo ni mali. Akipewa asiyeihitaji, anayeihitaji hukosa. Ndiyo sababu lazima kuamua, tena kuamua kwa haki.

3. KWANZA TAZAMA MASIKIO, MACHO NA AFYA

Kabla ya mtu yeyote kusema "mtoto huyu ana ulemavu wa akili", mambo mengine lazima yachunguzwe. Tuwatazame watoto watatu wa mfano.

Mtoto wa kwanza akiitwa haitiki. Hasemi vizuri. Mwalimu akieleza jambo, yeye hutazama huku na huku. Watu husema hana akili. Lakini akiona mwenzake anafanya kazi, huiga mara moja. Huenda mtoto huyu hasikii. Pengine alitoka usaha masikioni tangu utotoni na hakutibiwa. Shida yake ni masikio. Anahitaji matibabu, au kufundishwa lugha ya alama.

Mtoto wa pili ana viungo vigumu. Mikono yake imekakamaa, udenda unamtoka, na maneno yake hayaeleweki. Watu wakimwona tu wanakata shauri. Lakini mama yake anajua kwamba huelewa kila kitu. Akisimuliwa hadithi hucheka mahali panapochekesha. Akiulizwa swali hujibu kwa macho. Ulemavu wa huyu ni wa viungo. Akili yake inaweza kuwa nzima kabisa, na akapita darasa la saba kama wengine.

Mtoto wa tatu ana kifafa. Huanguka mara kwa mara, na baada ya kuanguka hulala na kusahau alichofundishwa. Mtoto huyu apelekwe kituo cha afya. Kifafa kina vidonge vya kumeza kila siku, na watoto wengi wakivimeza bila kuacha hawaanguki tena, au huanguka mara chache. Baada ya hapo ndipo uwezo wake wa kujifunza unaweza kuonekana.

Yako na mambo mengine. Mtoto mwenye njaa, minyoo au kichocho husinzia darasani. Mtoto asiyeona mbali hawezi kusoma ubaoni. Mtoto aliyefiwa na mama yake anaweza kunyamaza miezi mingi. Na mtoto ambaye nyumbani wanasema Kisukuma au Kimaasai, akipimwa kwa Kiswahili siku ya kwanza ya shule, ataonekana kama hajui kitu. Kumbe asichokijua ni lugha tu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: masikio, macho, afya na lugha vipimwe kwanza. Akili ipimwe baadaye.

4. MASWALI KUMI KWA MAMA

Katika miaka ya 1980 wataalamu walitengeneza maswali kumi ya kumwuliza mama au mlezi juu ya mtoto wa miaka 2 hadi 9. Maswali hayo yalijaribiwa katika nchi za Bangladesh, Jamaica na Pakistan. Baadaye yalitumika Kilifi, kwenye pwani ya Kenya. Ni maswali rahisi, na hayahitaji mashine wala karatasi nyingi. Kwa ufupi, mlezi huulizwa mambo haya:

(a) Je, mtoto alichelewa sana kukaa, kusimama au kutembea?
(b) Je, ana shida ya kuona, mchana au usiku?
(c) Je, ana shida ya kusikia?
(d) Ukimwambia jambo, huelewa?
(e) Je, ana udhaifu au ugumu wa mikono au miguu?
(f) Je, huanguka kifafa au kupoteza fahamu?
(g) Je, hujifunza mambo kama watoto wa rika lake?
(h) Je, husema maneno yanayoeleweka?
(i) Je, usemi wake ni tofauti na wa watoto wengine?
(j) Ukimlinganisha na wenzake, huonekana mzito wa kuelewa?

Ili ulinganishe vizuri, kumbuka haya. Watoto wengi hukaa bila kushikwa kabla ya miezi 9. Hutembea kabla ya miezi 18. Wakifika miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Mtoto aliyechelewa kidogo si lazima awe na ulemavu. Lakini aliyechelewa sana, tena katika mambo mengi, apelekwe kuchunguzwa.

Maswali haya ni kama chekeche. Chekeche hutenga unga na makapi, lakini haipiki ugali. Mtoto anayekamatwa na maswali haya hajahukumiwa. Ametengwa tu ili achunguzwe vizuri, na wengi huonekana kwamba hawana ulemavu. Aidha, ilionekana kwamba maswali haya hayakamati vizuri shida ya kuona na kusikia, kwa sababu mara nyingi mama mwenyewe hajaitambua. Ndiyo sababu macho na masikio lazima yapimwe kwa vitendo.

5. MAMBO MATATU YA KUPIMA

Baada ya hayo, wataalamu wa nchi nyingi hutazama mambo matatu. Yote matatu lazima yawepo ndipo waseme kwamba mtu ana ulemavu wa akili.

Jambo la kwanza ni uwezo wa kuelewa na kujifunza. Je, mtoto hukumbuka aliyofundishwa jana? Je, anaweza kutambua vitu vinavyofanana na visivyofanana?

Jambo la pili ni maisha ya kila siku. Je, hula, huvaa na huoga mwenyewe? Je, anajua hatari ya moto, kisima na barabara? Je, akipewa fedha dukani hudai chenji? Je, hucheza na wenzake na kungoja zamu yake? Jambo hili ni kubwa, na wanaolijua ni watu wa nyumbani kuliko mtaalamu wa mjini.

Jambo la tatu ni wakati. Ulemavu wa akili huanza utotoni. Mtu aliyekuwa mzima hadi utu uzima, kisha akasahau kila kitu, ana shida nyingine, na huduma yake ni nyingine.

Fikiri juu ya mtoto ambaye hushindwa hesabu za ubaoni, lakini nyumbani huchunga ng'ombe ishirini, huwajua wote kwa rangi na tabia, na jioni husema yupi hayupo. Mtoto huyu ana shida ya hesabu za shuleni. Amekosa jambo la pili, kwa hiyo tusiseme haraka kwamba ana ulemavu wa akili. Anahitaji mwalimu mvumilivu katika darasa la kawaida.

Huko Zambia, katika miaka ya 1970, mtaalamu aitwaye Robert Serpell aliwauliza watu wazima wa vijijini swali ambalo wazee wetu nao wangelielewa. Aliwauliza: Kama kuna kazi muhimu, ungemtuma mtoto yupi, na kwa nini? Aliona kwamba kwa watu wale akili ya mtoto haikuwa wepesi wa kujibu tu. Ilikuwa pia kuaminika, yaani kutumwa na kufanya ulilotumwa. Mwenye kupima akisahau jambo hilo, amepima nusu ya mtoto.

6. KIPIMO CHA NAMBA NA HATARI ZAKE

Huenda umesikia kwamba akili hupimwa kwa namba. Ni kweli, na ni vizuri kujua kipimo hicho kilitoka wapi.

Mwaka 1904 Serikali ya Ufaransa iliunda tume kuhusu watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mtaalamu Alfred Binet, pamoja na mwenzake Théodore Simon, alitengeneza kipimo mwaka 1905. Kilikuwa na kazi fupi fupi, nyepesi hadi ngumu. Shabaha ilikuwa ile ile ya somo hili: kujua ni watoto gani wanahitaji mafundisho ya pekee. Binet mwenyewe hakukubali kwamba akili ya mtoto ni kitu kisichobadilika. Alisema mtoto akifundishwa vizuri anaweza kuendelea.

Baadaye vipimo vya namna hii vilienea duniani. Katika vipimo vya leo mtu wa kawaida hupata 100 hivi. Nchi nyingi zimeweka mstari karibu na 70, na watu kama 2 katika kila 100 huwa chini ya mstari huo. Lakini namba hiyo si kama kilo za mizani. Mtu mmoja akipimwa leo na tena mwezi ujao, anaweza kupata namba inayopungua au kuzidi. Je, ni haki mwenye 69 apewe msaada na mwenye 71 anyimwe? Wataalamu wenyewe wanaonya kwamba namba pekee haitoshi.

Tena kipimo kinaweza kumpendelea mtu aliyekizoea. Mwaka 1979 Serpell alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya watoto wa Zambia na wa Uingereza. Watoto hao walipewa mifano ya kuiga. Walipotumia kalamu na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Walipotumia waya, Wazambia waliwashinda, maana watoto wa Zambia, kama wa kwetu, hutengeneza magari ya waya. Walipotumia udongo wa mfinyanzi, walilingana. Mwenye kupima kwa kalamu tu angesema Wazambia ni wazito. Mwenye kupima kwa waya tu angesema Waingereza ndio wazito. Wote wawili wangekosea.

Huko Marekani kosa la namna hii lilifika mahakamani. Katika jimbo la California watoto weusi walikuwa karibu 10 katika kila wanafunzi 100. Lakini katika madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili walikuwa karibu 25 katika kila 100. Wazazi wa San Francisco walishtaki mwaka 1971. Baadhi ya watoto hao walipimwa upya na wataalamu weusi waliotumia maneno na mifano waliyoizoea, na wakapita kiwango. Mwaka 1979 Jaji Robert Peckham aliamua kwamba vipimo hivyo visitumike kuwapeleka watoto weusi katika madarasa hayo. Alisema viliwaonea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, makosa ni ya namna mbili. La kwanza ni kumwacha nje mtoto anayehitaji msaada. La pili ni kumtia ndani asiyehusika, akafundishwa kufuma wakati angeweza kufundishwa sayansi. Yote mawili humwibia mtoto maisha yake.

7. NANI AAMUE?

Uamuzi wa haki haufanywi na mtu mmoja, wala kwa siku moja. Wanaohusika ni hawa:

Mzazi au mlezi. Huyu anamjua mtoto tangu kuzaliwa. Aeleze kweli yote. Asipunguze kwa kuona haya, wala asiongeze ili apate nafasi.

Mwalimu. Aeleze mtoto alijaribu nini darasani, na yeye alimsaidia vipi. Mwalimu asiseme tu "huyu hawezi". Aonyeshe daftari.

Mganga au muuguzi. Apime masikio, macho na afya, na atoe dawa zinazohitajika.

Mwalimu wa elimu maalumu. Apime mtoto kwa michezo na kazi ndogo ndogo, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, na kwa vitu anavyovijua.

Afisa ustawi wa jamii. Atazame hali ya nyumbani, kama ipo njia ya kumfikisha mtoto shuleni, na kama analindwa.

Nchi jirani ya Kenya iliona umuhimu wa kuwaweka watu hawa karibu na wananchi. Mwaka 1984 ilianzisha, kwa msaada wa Denmark, vituo vya kupima watoto katika wilaya. Mzazi humleta mtoto, hupimwa, na mzazi hupewa ushauri juu ya shule inayofaa. Mahali pasipo na kituo cha namna hiyo, kazi ile ile inaweza kufanywa na watu tuliowataja wakikubali kukutana.

8. WEWE MZAZI UFANYE NINI?

Hatua ya kwanza. Andika. Umekwisha jua kusoma na kuandika, basi tumia kisomo chako. Chukua daftari uandike mtoto alianza kutembea lini, alisema lini, aliugua nini, anaweza nini na hawezi nini. Andika kwanza yale anayoyaweza. Daftari hilo, pamoja na kadi ya kliniki, litakuwa shahidi wako.

Hatua ya pili. Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya, ukaombe masikio na macho yapimwe. Kama hapo hakuna kifaa, omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya.

Hatua ya tatu. Nenda shule ya msingi iliyo karibu ukamwandikishe kama watoto wengine. Mwalimu mkuu akisema shule yake haiwezi, mwulize shule gani inaweza, na mwombe aandike barua kwa ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Usikubali jibu la mdomo tu.

Hatua ya nne. Mwone mtendaji wa kijiji, mtoto aandikwe katika orodha ya watu wenye ulemavu. Ulizia kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au kata. Wilaya haiwezi kupanga nafasi za watoto isiowajua.

Hatua ya tano. Siku ya kupimwa, kaa karibu na mtoto. Aende ameshiba, amelala vizuri, na kama anameza dawa awe amemeza. Kama hajui Kiswahili, sema. Kama siku hiyo anaumwa, omba siku nyingine.

Hatua ya sita. Ukipewa jibu, uliza maswali matatu: Mmeonaje uwezo wake? Atapata msaada gani? Atapimwa tena lini? Mtoto hubadilika. Aliyewekwa kitengo leo anaweza kuhamia darasa la kawaida kesho kutwa, na wa darasa la kawaida anaweza kuhitaji kitengo.

9. KAMA JIBU NI "HAKUNA NAFASI"

Mara nyingi mzazi huambiwa mtoto anafaa, lakini kitengo kimejaa, au kiko mbali. Usirudi nyumbani ukakata tamaa. Omba jina liandikwe katika orodha ya wanaongoja, na uulizie kila muhula. Wakati unangoja, mtoto akae katika darasa la kawaida karibu na mwalimu, apewe kazi fupi, na mwenzake mmoja amsaidie.

Nyumbani mfundishe jambo moja kwa wakati mmoja. Ligawe vipande vidogo. Kwa mfano, kunawa uso: kuchota maji, kutia maji mkononi, kupaka usoni, kufuta. Akijua kipande cha kwanza, ongeza cha pili. Msifu akifaulu. Rudia kila siku, wakati ule ule.

Na kama wazazi wa watoto wa namna hii mko watatu au wanne katika kata, nendeni pamoja. Sauti ya mmoja ofisini hupotea, lakini watu wanne wenye madaftari manne husikilizwa. Huenda nafasi isiyopatikana kwa mtoto mmoja ikawa sababu ya kufungua kitengo kwa watoto wengi.

Ndugu msomaji, kupima mtoto si kumhukumu. Ni kutafuta mlango anaoweza kupita. Mpimaji mzuri hujulikana kwa swali lake la mwisho. Hamalizi kwa kuuliza, "Mtoto huyu ana upungufu gani?" Humaliza kwa kuuliza, "Tumpe nini ili aendelee?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti kati ya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili.
2. Kwa nini masikio na macho yapimwe kabla ya akili?
3. Taja mambo matatu ambayo lazima yawepo ndipo iamuliwe kwamba mtu ana ulemavu wa akili.
4. Watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza katika kazi gani? Jambo hilo linatufundisha nini juu ya vipimo?
5. Katika kijiji chetu, je, wako watoto ambao hawajaandikishwa shule kwa sababu watu husema hawawezi kusoma? Darasa letu linaweza kufanya nini?

ZOEZI LA KUANDIKA

Fikiria mtoto mmoja unayemfahamu. Andika sentensi tano juu ya mambo anayoyaweza. Kisha andika sentensi mbili juu ya mambo anayohitaji kusaidiwa. Usiandike jina lake.